Simu ya mezani isiyo na waya katika nyumba ya wageni: chaji, kuta za matumbawe na vitufe visivyoguswa

Swali: Ninaendesha nyumba ya wageni Mikindani, jengo la zamani la ghorofa moja. Kaka yangu aliniletea kutoka Dubai simu ya mezani isiyo na waya, yenye mikono mitatu, yaani vile vipande vya kushika na kuongelea. Mmoja uko mapokezi, wa pili jikoni, wa tatu chumbani kwangu uani. Huu mwaka wa tatu najua kupiga na kupokea tu. Mkono wa mapokezi chaji yake haifiki adhuhuri. Nikipanda ghorofani sauti inakatika. Namba ya anayepiga haionekani kwenye kioo. Na mteja akinihitaji, binti wa mapokezi anakimbia na simu mpaka jikoni kuniletea. Nisaidie niitumie ipasavyo.

Jibu: Dada, kabla ya kugusa kitufe chochote, ijue kwanza simu yako inavyogawana kazi. Kuna kitako, yaani kile kilichochomekwa kwenye laini ya simu na kwenye umeme. Kuna mikono, ambayo haina uhusiano wowote na laini. Inazungumza na kitako kwa mawimbi ya redio. Halafu kuna kampuni inayokupa laini. Kila kazi inakaa mahali pamoja kati ya hapo patatu. Chaji ni jambo la mkono. Kukatika kwa sauti mara nyingi ni jambo la mahali kitako kilipowekwa. Namba ya anayepiga inaanzia kwenye kampuni. Wengi huhangaika na menyu ya mkono wakitafuta kitu ambacho hakimo humo, kisha wanaamini simu ni mbovu.

Chaji isiyofika adhuhuri

Fungua kifuniko cha nyuma cha mkono wa mapokezi. Utakuta betri mbili nyembamba, saizi ile ile ya rimoti ya televisheni, yaani AAA. Soma maandishi yake. Zinatakiwa ziwe zimeandikwa Ni-MH na 1.2V. Ukikuta 1.5V, ujue kuna mtu alinunua betri za rimoti dukani akazipachika humo, na hizo uzitoe leo hii. Hazikutengenezwa kuchajiwa. Zikikaa kwenye chaja zinavuja maji yanayokula vyuma, na zinaweza hata kupasuka.

Kama ni za Ni-MH na zina umri wa simu yenyewe, zimechoka. Betri za aina hii zikichajiwa kila siku huanza kushindwa baada ya miaka miwili au mitatu, na joto la pwani linaziwahisha. Zipime hivi: acha mkono kwenye chaja usiku kucha na nusu ya siku inayofuata, jumla muda wa saa 16, bila kuunyanyua. Kisha ongea simu moja ya dakika 15. Mkono ukianza kutoa mlio mfupi wa onyo, au alama ya betri ikashuka mpaka chini, zibadilishe. Betri nzima inaongea saa kadhaa mfululizo, na mkono ukikaa bila kutumika unadumu siku kadhaa nje ya chaja.

Ukienda kununua Mtwara mjini, beba ya zamani uoneshe. Chukua mbili za kampuni moja, za uwezo mmoja, na uziweke siku moja. Usichanganye mpya na kuukuu, kwa sababu ile iliyochoka inaivuta nzima iwe kama yenyewe. Uwezo huandikwa mAh, na kwa simu hizi kati ya 550 na 750 unatosha kabisa. Ukiweka ya 1000 simu haiharibiki, ila itachelewa kujaa. Baada ya kuziweka, zipe tena muda wa saa 16 kwenye chaja. Alama ya betri itakuonesha imejaa mapema. Usiisikilize mara ya kwanza, mkono bado haujaijua betri mpya.

Sasa jambo ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko kwingine. Mikindani iko ukingoni mwa ghuba, na upepo wa bahari unabeba chumvi. Ile midomo miwili ya chuma chini ya mkono, na mingine miwili kwenye chaja, inaota utando usioonekana vizuri kwa macho. Umeme haupiti vizuri, mkono unakaa kwenye chaja usiku mzima na asubuhi uko nusu. Dalili yake ni hii: ukiuweka mkono kwenye chaja hausikii ule mlio mdogo wala taa haiwaki, mpaka uukandamize au uutikise. Chomoa chaja kwenye umeme, sugua vyuma vyote vinne kwa ufutio wa penseli, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu chenye tone la spiriti. Usitumie msasa, unaondoa rangi ya juu inayozuia kutu. Mara moja kwa mwezi inatosha. Mkono wa jikoni ufanyie mara mbili, maana mafuta na mvuke navyo vinaganda pale pale.

Angalia na adapta. Una tatu: moja ya kitako, mbili za chaja ndogo. Kwa umbo zinaweza kufanana kabisa lakini volti zisilingane. Zigeuze, soma mstari ulioandikwa OUTPUT, linganisha na maandishi yaliyo chini ya kitako na chini ya kila chaja. Mtu akifagia, akachomoa zote, kisha akazirudisha ovyo, unaweza kupata chaja isiyojaza au kitako kinachojizima. Bandika karatasi kwenye kila moja.

Kwa bahati nzuri simu ya Dubai inafaa huku. Umeme wao na wetu uko karibu volti 230, na soketi ya miguu mitatu bapa ni ile ile. Angekuletea ya Marekani ningekwambia usiichomeke. Adapta zake nyingi ni za volti 120 na zingeungua. Tena simu hizo hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, ambayo mitandao ya 3G inayatumia kupokea mawimbi kutoka kwenye simu za mkononi, wakati za huku hutumia 1880 hadi 1900. Anayenunua simu ya namna hii amuulize muuzaji kama aina hiyo imeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Sauti inayokatika ghorofani

Kwenye boksi wameandika mita 50 ndani ya nyumba na 300 mahali pa wazi. Hiyo mita 50 ni kwa nyumba za kuta nyembamba. Jengo lako la zamani, kama mengi ya Mikindani, bila shaka limejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na mawimbi yakipita kuta mbili tatu za namna hiyo yanakuwa hoi. Ongeza geti la chuma, friji, tangi la maji au bati, ambavyo vinayarudisha mawimbi yalikotoka.

Dawa ni kuhamisha kitako, wala si kununua simu nyingine. Chukua mkono wa chumbani, mpigie mtu, tembea polepole ukitazama vistari vya mawimbi kwenye kioo. Pale vinapobaki kimoja simama, uangalie kati yako na kitako kuna nini. Mara nyingi utaona kitako kimefichwa chini ya kaunta, nyuma ya droo la chuma, kando ya friji ya soda. Kitoe hapo. Mahali pazuri kwenye nyumba kama yako ni karibu na ngazi, juu ya kimo cha mtu, kwa sababu mawimbi yanapanda na uwazi wa ngazi badala ya kupenya sakafu. Unahitaji vitu viwili tu kukifikisha hapo: soketi ya umeme, na waya mrefu wa simu wa mita 10 au 15 wenye vichwa vidogo vya plastiki pande zote mbili. Mkono wa mapokezi utabaki mapokezi kwenye chaja yake ndogo. Ukiwa umekaa kwenye kitako chenyewe, mwombe kaka yako chaja ndogo ya modeli hiyo hiyo, au upeane nafasi na ule wa chumbani.

Ukikihamisha, kiweke mbali kama mita moja na televisheni, kisambaza intaneti na adapta nyingine kubwa. Mngurumo mwembamba unaousikia nyuma ya sauti mara nyingi unatoka huko. Kama intaneti yako inapita kwenye laini hiyo hiyo ya shaba, mngurumo unaweza pia kutokana na kukosa kichujio, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na waya wa simu. Na kama umeshawekewa faiba, waya wa simu unaingia kwenye tundu lililoandikwa TEL au PHONE la kiboksi cha faiba. Usiulazimishe kwenye matundu makubwa ya LAN: unaingia, lakini unapinda vidole vya shaba vilivyo ndani.

Angalia pia menyu ya kitako au mkono, kama kuna kitu kimeandikwa ECO. Hiyo inapunguza nguvu ya mawimbi ili kuokoa umeme. Kwenye nyumba ya kuta nene iwe imezimwa.

Huenda uani hata baada ya hapo hakutafikika. Kuna kirefusha mawimbi kinachochomekwa katikati ya njia, lakini kabla ya kukinunua hakikisha kimetajwa kwenye kitabu cha simu yako. Cha kampuni nyingine mara nyingi kinakataa kuungana.

Binti asikimbie tena

Hili ndilo litakalobadilisha siku yako. Kila mkono una namba yake, 1, 2 au 3, nayo inaonekana kwenye kona ya kioo simu ikiwa imetulia. Ziandike kwenye karatasi ubandike kaunta: mapokezi 1, jikoni 2, uani 3, au vyovyote zilivyo kwako.

Simu ya mteja ikiingia mapokezi na anakutaka wewe, binti abonyeze kitufe kilichoandikwa INT, au chenye picha ya mikono miwili ya simu, kisha namba ya mkono wa jikoni. Hapo mteja ameshikizwa: hasikii mnachosema, kwenye modeli nyingi anasikia muziki. Mkono wa jikoni utalia kwa mlio tofauti. Ukipokea, binti akwambie ni nani. Kisha yeye akate, na mteja anakuwa wako. Wengi wanakosea hapo mwisho, wanaogopa kukata wakidhani watampoteza mteja. Kukata kwa anayehamisha ndiko kunakokabidhi simu.

Usipopokea, binti abonyeze INT tena na mteja anarudi kwake. Anaweza pia kukata kabla hujapokea. Simu itaendelea kulia jikoni, na modeli nyingi zitamrudishia asipopokea mtu kwa muda. Kwa biashara nakushauri asifanye hivyo. Mteja anayesikia muziki dakika nzima anakata, anapiga kwingine, na msimu wa korosho vyumba vinagombaniwa.

Kitufe hicho hicho bila simu ya nje kinakuwa simu ya ndani. Bonyeza INT na 1, ulizia chumba namba nne wametoka, bila kulipa hata shilingi, kwa sababu hamtumii laini. Simu ya nje ikiingia mkiwa mnaongea mtasikia mlio mfupi sikioni. Ila mkumbuke kwamba mikono mitatu haileti laini tatu: wewe ukiwa na mteja, binti hawezi kumpigia mtu wa nje.

Usichanganye kushikiza na kuzima maikrofoni. Kitufe cha maikrofoni iliyokatwa mstari kinakuzuia wewe kusikika, lakini sauti ya mteja inaendelea kutoka. Kinafaa ukitaka kumuuliza binti jambo kwa haraka. Usikitumie kumwacha mteja kwa muda mrefu, atadhani laini imekufa.

Namba ya anayepiga

Anza kwa kampuni. Kuonesha namba ni huduma inayofunguliwa kwenye laini upande wao. Isipofunguliwa hakuna menyu itakayoileta. Uliza mambo mawili: kama imefunguliwa kwenye laini yako, na inatumwa kwa njia ya FSK au DTMF. Hizo herufi utazikuta kwenye mipangilio ya kitako, na simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kuwa imewekwa njia isiyo yako.

Kisha rekebisha mazoea ya mapokezi. Kwa njia ya FSK namba mara nyingi husafiri katikati ya mlio wa kwanza na wa pili. Anayenyakua simu mlio wa kwanza tu anaizuia isifike. Asubiri wa pili.

Weka tarehe na saa, la sivyo orodha ya simu zisizopokelewa haitakusaidia. Umeme ukikatika modeli nyingi husahau saa, kwa hiyo baada ya kila katizo refu iangalie.

Kuhifadhi majina kuna mtego mmoja. Usinakili namba yenye alama ya kujumlisha kutoka simu ya mkononi, laini ya mezani haiijui. Kwa nje ya nchi anza na 000, kisha namba ya nchi. Mfanyabiashara wa Msumbiji unayempigia ng'ambo ya Ruvuma aanze na 000258, kaka yako wa Dubai 000971. Namba za mezani za Mtwara na Lindi zihifadhi na 023 yake. Kwenye modeli nyingine orodha ya majina iko kwenye kitako na mikono yote inaiona. Kwenye nyingine kila mkono una yake. Hifadhi jina moja mapokezi, litafute jikoni, utajua yako ni ipi.

Usiku, wageni na bili

Mlio ni wa kila mkono peke yake, na kwenye modeli nyingine kitako nacho kina wake. Ndiyo maana mtu anazima mkono kisha simu inaendelea kulia: ni kitako. Kwa nyumba ya wageni, usiku acha mkono wa yule anayelala zamu, shusha mingine hadi sifuri. Modeli nyingine zina saa za ukimya, unapanga mfano kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kioo huandika kwa mtindo wa kizungu, basi weka 22:00 na 06:00.

Mkono uliopotea kati ya mashuka, nenda kwenye kitako ubonyeze kitufe chake, mara nyingi kimeandikwa PAGE. Mikono yote italia. Ule uliokufa chaji hautaitika. Angalia usikishikilie kitufe hicho sekunde nyingi, kwa sababu ndicho pia cha kuunganisha mkono mpya. Na mkono ukiwahi kuandika kwamba hauoni kitako ingawa uko karibu, kishikilie kama sekunde tano mpaka kilie, kisha kwenye menyu ya mkono chagua kusajili. Ukiombwa namba ya siri, ya kiwandani kwa kawaida ni 0000.

Hiyo 0000 ibadilishe, hasa wewe unayekaa na wageni. Kwa namba ya siri mpya unaweza kuzuia simu zinazoanza na tarakimu fulani kwenye mkono fulani. Kwenye mkono wa mapokezi zuia 000, na kama bili inakusumbua zuia pia 06 na 07, huku mkono wako wa uani ukibaki wazi. Baada ya kuweka, jaribu mwenyewe kupiga namba iliyozuiwa, na hakikisha hukuizuia 112 ya dharura. Kufunga vitufe kwa kushikilia * au # hakulindi bili. Kunazuia kubonyezwa kwa bahati mbaya tu, na mtu yeyote anafungua.

Ukipiga sehemu inayosema bonyeza moja, bonyeza mbili, na haiitiki, simu yako inapiga kwa mapigo. Bonyeza * katikati ya simu, au uibadilishe kabisa kwenye mipangilio iwe kwa toni. Kitufe cha herufi R, kinachotumika kupokea simu ya pili, kikikata laini, muda wake ni mrefu mno kwa mitambo ya kampuni yako. Ushushe kwenye menyu, wengi hufanikiwa na milisekunde 100. Kisipofanya lolote, uongeze.

Umeme ukikatika na radi ikipiga

Mkono ukiwa umejaa chaji haukusaidii umeme ukikatika, kwa sababu kitako hakina betri. Simu ya kawaida yenye waya inakula umeme unaotoka kwenye laini yenyewe, karibu volti 48. Kwa hiyo kama laini yako ni ya shaba, nunua moja ya bei ndogo uichomeke pamoja na kitako kwa kigawanyio cha soketi. Itaendelea kufanya kazi gizani. Kama ni faiba haitasaidia, maana kiboksi cha faiba nacho kimezimika. Hapo unahitaji betri ya akiba inayolisha kiboksi na kitako pamoja. Kitako chenyewe hula wati chache tu, chini ya 5.

Mvua za radi zikianza, chomoa kitako kwenye umeme na kwenye waya wa simu, vyote viwili. Wengi huchomoa umeme peke yake, na radi inaingia kwa njia ya laini. Wala usishike ncha za waya wa simu zilizo wazi ukitengeneza: simu ikiingia wakati huo, umeme wa mlio unafika karibu volti 90, nao unatingisha.